Vidole Vyangu na Harusi ya Mwanasha

Jumatatu, 4 Agosti
Kidole cha kati kimevimba chote kama muhogo. Koni ya hina imeniponyoka tena. Harusi ya Mwanasha, binti yangu wa pekee, ni wiki ijayo, na nimeapa mikono yake nitaichora mimi. Hafsa, mchoraji hina mwenzangu hapa Msambweni, amepita kuuliza kama nahitaji msaidizi. Nimemjibu sihitaji, mkono uko chini ya leso.

Jumanne, 5 Agosti
Asubuhi vidole havikunjiki kabisa. Issa, mume wangu, kashikilia kesho ni hospitali. Haya. Ila siendi kuaibika mbele ya watu. Kucha zina vishimo, nimezipaka piko nyeusi, zimefunikika. Viwiko vina magamba, nimevichora maua. Nadhifu!

Jumatano, 6 Agosti
Daktari aliyasifu maua, akauliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Nikasema sina. Vipimo vya damu havikumwambia kitu. Nikajiona mshindi.

Ndipo Issa akamweleza, polepole, kwamba kila siku hukung'uta mto wangu kabla sijaamka, nisione magamba ya kichwani yalivyojaa. Miaka yote hii nikidhani hajui. Nililia pale pale.

Daktari akazipapasa kucha, akavikuta vishimo. Kumbe ngozi na viungo ni ugonjwa mmoja, baridi yabisi ya soriasisi. Kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Hauambukizi. Nimepewa vidonge vya mara moja kwa wiki. Nafuu itachukua wiki nyingi.

Jumamosi, 9 Agosti
Wiki nyingi sina. Nimepanga kumeza vya mwezi mzima leo. Pakiti haipo. Issa anasema anaitunza yeye, maana ananijua.

Jumatano, 13 Agosti
Hafsa ndiye aliyechora. Nilinuna jikoni. Mwanasha akaja na kiganja kimoja kitupu, akasema hiki ni cha mama. Nikachora ua moja, likapinda. Hafsa akataka kulinyoosha. Mwanasha akakataa katakata. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 15 Agosti
Harusi imepita salama. Kisigino kimeanza kuuma. Daktari aliagiza nimwambie maumivu yoyote mapya. Nitavaa viatu vya kufunika, hatakiona. Issa kauliza mbona nachechemea. Nimemwambia ni ngoma za jana. Kaamini kabisa. Sasa anampigia mtu simu, anauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.