Mashine Iliyosema Shikamoo

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Tena nilikuwa nimevaa dera, mtandio na viatu vya kufunga.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtaniona mwendawazimu.

Mnajua nafanya kazi kampuni ya teknolojia, kule Mitwero. (Nyumbani wakisikia "kampuni ya teknolojia" wanadhani ghorofa. Ni vyumba viwili na choo cha nje.) Tulianza watu wanane. Tumebaki wawili: bosi wetu Kaka Faraji, na mimi. Tuna mfumo wa simu wa wakulima wa korosho. Mkulima anatuma ujumbe wa sauti, anaeleza mkorosho wake unaumwa nini, mashine inasikiliza, inamjibu kwa sauti. Ndivyo tulivyotangaza.

Ukweli ni kwamba mashine haikuwahi kuwaelewa watu wa huku. Mtu wa Lindi hakwambii shida yake hivi hivi. Anasalimia, anauliza wa nyumbani, anakupa pole ya jua, anagusia mvua, ndipo anafika kwenye mkorosho. Mashine ikisikia dakika mbili za salamu inajibu: "Samahani, swali halijaeleweka." Watu wakaikimbia. Fundi aliyeitengeneza naye akaikimbia, akaenda Dar.

Kaka Faraji akaniambia, "Hawa, wewe umesomea kilimo, na sauti unayo. Jibu wewe kwa muda, tukitafuta fundi mwingine."

Kwa muda! Miezi saba sasa. Mashine ni mimi. (Niliona haya tangu siku ya kwanza. Nikawa najifariji kwamba angalau majibu ni ya kweli.)

Leo wakaja wageni wawili kutoka Dar, mama mmoja na baba mmoja, kuikagua kampuni. Wakiridhika, wanaingia ubia na kazi inaendelea. Wasiporidhika, tunafunga mwisho wa mwezi, na mimi narudi Ruangwa kwa mama kupalilia ufuta. Wakaomba kumwona mkulima anayeitumia mashine. Kaka Faraji akawachagulia Bi Somoe wa Kiswere, ambaye haipiti siku hajatuma ujumbe.

Kabla ya kupanda gari, Kaka Faraji akanivuta pembeni.

"Leo husemi."

"Hata salamu?"

"Hata salamu! Yule bibi anaijua sauti yako kuliko ya wanawe. Nitasema umekaukiwa sauti. Akituma ujumbe, unazunguka nyuma ya nyumba, unajibu, unarudi."

Nikakubali. Nikakohoa njia nzima. (Nilikohoa vizuri mpaka yule mama mgeni akanipa pipi ya kifua. Nikaimung'unya pamoja na dhambi zangu.)

Tukamkuta Bi Somoe barazani, kakaa mkekani anajipepea. Mwili mdogo, macho makali. Mkwe wake, Zuhura, alikuwa jikoni anakaanga samaki. Kaka Faraji akaamkia. Wageni wakaamkia. "Marahaba, marahaba, karibuni." Ikafika zamu yangu.

Nikainamisha kichwa. Nikatabasamu. Nikashika koo kuonyesha naumwa.

Bibi akanitazama. Akasubiri.

Jamani, nyinyi mmelelewa kama mimi. Mnajua inavyokuwa mtu mzima akiisubiri shikamoo yake. Nilihisi mama yangu, huko Ruangwa, kasimamisha jembe ananiangalia.

"Huyu mtoto wa wapi?" bibi akauliza.

"Anaumwa koo, bibi," Kaka Faraji akadakia.

"Koo! Marehemu mume wangu aliumwa koo mpaka likamzika, na hakuna mtu aliyempita bila salamu. Haya, karibu mwanangu. Hukufunzwa, si kosa lako."

Hukufunzwa! Mbele za watu! Mimi, niliyechapwa nikiwa na miaka sita kwa kumpita jirani bila kumwamkia! Moyo ukaniambia, Hawa, kazi. Hawa, kazi. Mdomo haukusikia.

"Shikamoo, bibi."

Maneno mawili tu. Kwa sauti nzima, safi, haina hata chembe ya mafua.

Marahaba haikuja. Bibi akaweka pepeo lake chini.

"Mashine?"

Nikatamani ardhi ipasuke.

"Ewe mashine! Kumbe una miguu!"

Kaka Faraji akacheka kicheko cha mtu anayezama. "Sauti zinafanana tu, bibi."

"Zinafanana nini! Naisikia kila siku ya Mungu. Mashine, hebu sema: bibi, dawa ya salfa ipulize alfajiri, kabla upepo haujaamka."

Wageni wote wawili wamenikodolea macho. Nikasema. (Ningefanyaje? Na ushauri wenyewe ni sahihi.) Yule baba mgeni akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Nikadhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Wapi!

Bibi akakumbuka kitu, uso ukabadilika.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo yote niliyokuwa naiambia mashine, alikuwa anasikia mtu?"

Nikainamia viatu vyangu. Maana Bi Somoe ana mikorosho kumi na miwili tu, na mikorosho kumi na miwili haina shida za kila siku. Alikuwa anaiambia mashine kwamba usingizi hauji. Kwamba mwanawe wa Dar hajapiga simu tangu Ramadhani. Kwamba...

"Hata yale ya mchuzi wa mkwe wangu?"

Zuhura huyo mlangoni, na sinia mkononi. "Mchuzi wangu una nini, mama?"

Nikatazama mikorosho. (Una chumvi. Bibi huwamwagia kuku. Lakini mimi mashine, sisemi.)

Bibi hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilikuwa nakwambia wewe," akasema taratibu, "kwa sababu nilijua huna macho."

Yule baba akaacha kucheka. Na mimi hapo ndipo nilipoumia kweli, jamani. Habari ya kazi ilinitoka kichwani kabisa. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka.

"Nisamehe, bibi. Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Nikaanza kuhesabu miezi, akanikatiza.

"Umemwambia nani mambo yangu?"

"Hakuna mtu."

"Hata huyu?" Akamwonyesha Kaka Faraji kwa kidevu.

"Hata yeye."

Akaokota pepeo lake. Kisha akasogea, akanipa nafasi mkekani. "Zuhura, mtilie mashine wali. Na mchuzi, mwingi."

Nikaula wote. Nikasema mtamu. (Nimekunywa maji lita mbili mpaka sasa.)

Tukapanda gari, tukarudi. Yule mama mgeni ndiye aliyeongea, mara moja tu: "Kwa hiyo mashine hamna." Kaka Faraji akajibu, "Hatuna." Yule mama akasema watatujulisha. Tunaijua hiyo watatujulisha. Kaka Faraji hakuniambia neno mpaka tulipoachana Mitwero. "Si ungemwamkia hata kwa kunong'ona, Hawa?"

Nimekaa ofisini peke yangu, natazama viti sita visivyo na watu, simu ikalia. Bi Somoe. Mtu ambaye hajawahi kutuma ujumbe chini ya dakika tano, leo katuma wa sekunde mbili. Nikaufungua.

"Marahaba."

Basi. Kazi sijui kama ninayo. Msinicheke, tafadhali. Na atakayemwona mama yangu, amwambie tu kwamba niliamkia.