Mpiga Ngoma Aliyeongezeka Kwenye Kaseti

4 Machi, Jumatatu.
Muuguzi wa zahanati ya jirani kaleta redio kaseti. Haiimbi, inanguruma tu. Ndani mna albamu ya marehemu dada yake, aliyeimba na bendi ya roki iliyovunjika kabla haijajulikana. Nakala ni hiyo hiyo moja, hakuna nyingine duniani. Kanisihi niitunze kama mboni ya jicho. Nikamwambia aje kesho. Ndiyo maana mtaa mzima unaniita Bwana Kesho. Wivu tu!

Nimeitengeneza kabla ya adhuhuri. Waya mmoja ulibaki hauna kwao, nikauunga palipokuwa na nafasi. Nikabonyeza kujaribu.

Mungu wangu! Gitaa liliingia kama mtu anayeburuta kabati chumba cha pili. Kisha dada mwenyewe: "Usifunge mlango, bado niko njiani." Mimi roki siipendi, makelele matupu. Lakini nililia mpaka koleo likanidondoka. Mimi, ambaye sikutoa chozi hata kwenye mazishi ya mama.

5 Machi, Jumanne.
Muuguzi kaja. Nikamwambia mpira wa kuzungushia kaseti umekatika, nimeagiza mwingine. Uongo mtupu! Lakini albamu ile siwezi kuiachia, bado sijashiba. Alipoondoka nikafunga madirisha, nikasikiliza tena, nikalia tena.

Jambo la ajabu: wimbo wa tatu una ngoma ambayo jana sikuisikia. Inakwenda mbio, inasimama, inakwenda tena. Huyo mpiga ngoma ni fundi kwelikweli! Sindano, mshonaji tunayepakana naye ukuta, kachungulia kuuliza nani kafiwa. Nikamwambia ashone nguo zake.

6 Machi, Jumatano.
Nywele zimenisimama. Nyuma ya sauti ya dada kuna mtu analia. Mwanamume. Jana sikumsikia. Analia kwa kwikwi, anapenga kamasi, halafu kiti kinakwaruza sakafu. Dada mwenyewe kasogea mbali, kama anaimbia nje ya nyumba. Nikaenda kufunga mlango. Kisha nikaufungua, maana wimbo umekataza.

Nikajikaza kiume, nikauliza kwa sauti: "Wewe ni nani?" Nikarudisha kaseti nyuma, nikabonyeza. Safari hii kaseti ikauliza: "Wewe ni nani?"

Nimefika kwa Sindano na kiatu kimoja. Nikamwambia nimekuja kuazima mkasi. Kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

8 Machi, Ijumaa.
Maji yamenifika shingoni. Muuguzi kanikuta nasikiliza, ule mpira "uliokatika" unazunguka mbele ya macho yake. Nikasema umefika asubuhi hii. Aliketi, akaweka mikono magotini, akasikiliza.

Ng'ambo ya ukuta Sindano akaanza kushona. Inakwenda mbio, inasimama, inakwenda tena. Mpiga ngoma wangu! Ule waya! Mashine inanasa sauti za humu ndani kila inapoimba. Anayelia ni mimi. Aliyeuliza ni mimi. Dada wa watu nimemfukia kwa kilio changu, siku baada ya siku, na sauti yake imebaki uzi.

Muuguzi akauliza polepole, "Huyu anayelia ni nani?"

Nilitaka kusema kweli. Ilifika kwenye meno, ikageuka. Nikamweleza kwamba mashine ikitengenezwa vizuri mno, hushika na sauti za walioko upande wa pili, kwa marehemu.

Akaweka kiganja juu ya redio. Kisha akasema, "Basi ni baba. Dada alipokufa hakumlilia hata siku moja. Nilimchukia kwa hilo mpaka naye tulipomzika."

Akalia. Mimi pia nikalia, kwa aibu, kwikwi zile zile, na muuguzi akageukia redio, kisha akanitazama mimi. Nikabana pumzi haraka. Akanishukuru kwa mikono miwili, akabeba redio yake akaenda. Mtu akishakushukuru hivyo, unaanzia wapi?

11 Machi, Jumatatu.
Muuguzi karudi na redio, na kaseti ile ile ndani. Hajalala vizuri tangu Ijumaa. Anauliza kama naweza kumpata na marehemu mama yao. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba radhi akakata ule waya. Nikamwambia aje kesho.

Madirisha nimefunga. Nimejitanda khanga ya marehemu mama yangu kichwani ili sauti itoke vizuri. Nikabonyeza, nikalia kama bibi kizee, na kikohozi nikaongeza. Kazi safi! Sindano hajafungua leo, kwa hiyo hakuna ngoma ya kuniharibia.

Nikarudisha nyuma kusikiliza. Kilio kikapita, kikohozi kikapita, pakawa kimya. Halafu dada, karibu kabisa, kama mdomo wake umegusa sikio langu. Nyimbo zake zote nimezishika kichwani, na maneno haya hayamo hata katika mmoja.

"Huyo si mama," akasema.

Nimekaa kidogo, mwili wote baridi. Lakini nikitafakari, ana haki. Sauti ilikuwa nene mno. Narudia sasa hivi, nyembamba zaidi, na kikohozi nakipunguza. Mlango nimeuacha wazi, akitaka kunisahihisha aingie tu.