Bamba Lililosomwa na Mkurugenzi

Umma ulitangaziwa rasmi kwamba Idara ya Vifaa Angavu imevumbua bamba la plastiki linaloonyesha ng'ambo kuliko kioo, na kwamba yeyote atakayeliona lina ukungu aende kupimwa macho, kwa gharama zake.

Mpimaji wa maabara alilisikia tangazo akiwa amelishika bamba lenyewe. Lilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

Yeye alikuwa amechanganya robo ya plastiki itokanayo na nyuzi za miti na robo tatu ya plastiki ya kawaida. Hapo zilipatana, bamba likatoka safi. Mkurugenzi akaona robo haina heshima kwenye hotuba, akaamuru nusu kwa nusu. Plastiki, ambazo hazisikilizi hotuba, zikajitenga kila moja kivyake, na ukungu ukaingia.

"Tia saini tu kwamba bamba ni safi, dada," Katibu alimsihi. "Mwenye nguvu mpishe."

"Mabamba haya yanakwenda wapi?"

"Vifuniko vya mashine za watoto njiti."

Mdogo wake Mpimaji alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hao. Kichanga hubadilika rangi kabla hajapata nguvu ya kulia; usipomwona, umemkosa. Mpimaji akakataa. Akaarifiwa kwamba kuanzia Ijumaa atahamishiwa stoo, kusimamia viti vibovu. Aliogopa, lakini hakutia saini.

Sasa, kanuni ya maabara ni kwamba bamba huthibitishwa kwa kusomwa. Mpimaji huweka karatasi nyuma yake, ncha ya chini ikichungulia. Msomaji husoma, kisha hutia saini kwenye ncha hiyo kwamba ameyaona maandishi yote. Mkurugenzi akatangaza kwamba atasoma mwenyewe, mbele ya kamati nzima ya idara.

Mpimaji aliandika karatasi yake taratibu, akaiweka.

"Tunajivunia mafanikio ya idara," Mkurugenzi alisoma, bila kigugumizi. "Herufi zinanirukia machoni kabisa."

Wajumbe wote waliziona. Mmoja aliona hata nukta. Mkurugenzi akatia saini, muhuri ukagongwa, na Mpimaji akaitoa karatasi, akampa Katibu aisome kwa ajili ya kumbukumbu.

"Mimi Mkurugenzi," Katibu alisoma, sauti ikififia, "nimeona kwamba bamba hili lina ukungu, kwamba ni mimi niliyeamuru nusu kwa nusu, na kwamba turudi kwenye robo leo hii."

"Mimi sikuandika hayo," Mkurugenzi alisema.

"Hukuandika, mzee. Umesoma tu."

Aliyeona nukta alianza kutafuta miwani yake mfukoni.

Mkurugenzi akapiga hesabu. Akisema aliyaona, amekiri. Akisema hakuyaona, bamba lina ukungu. Akachagua kutoona. Wodi ikapata vifuniko vya robo, na Mpimaji akabaki maabara.

Lakini tangazo halikuwa limefutwa. Jumatatu Mkurugenzi alipanga foleni kwenye kliniki ya macho, kwa gharama zake. Muuguzi wa hapo alimwomba asome mstari wa juu ubaoni.

Mkurugenzi akauliza kwanza umeandikwa na nani.