Kina Nyakundi Wote Ndani ya Kompyuta Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025. Migori.

Nimejiandikisha chuo cha kompyuta! Miaka sabini na moja, darasa la saba, meno ya mbele yalishaondoka. Sababu ni moja. Jumapili wazee wa ukoo wanakaa hapa kwangu kuamua kama mjukuu wangu Edinah anaweza kuolewa na Bravin wa Rangwe, au kama ni ndugu. Kwetu damu moja haioani, basi. Kitabu cha ukoo cha Migori ninacho mimi. Cha Rangwe anacho Masese, mzee wa huko. Huyo Masese amesema atavisoma vyote viwili mwenyewe, kwa sababu eti mimi naruka mistari. Naruka mistari! Nitaunda programu. Unabonyeza, jibu linatoka, Masese anafunga mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ni Hodan, binti wa duka la vitambaa. Amefunga Ramadhani, na juu ya njaa akapewa mimi. Kaeleza kwamba programu ni kama karani aliyekaa dirishani. Majina yenyewe yanakaa nyuma, kwenye hifadhidata, na karani mmoja anaweza kuchota kwenye hifadhidata mbili akipewa anwani na neno la siri la kila moja. Nikamwambia hilo naliweza. Kabla ya kubatizwa nilikuwa na nyumba mbili, na kila mlango ulikuwa na neno lake. Hakucheka. Nadhani ni saumu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga chapa kitabu changu chote. Kidole kimoja, mgongo wote. Shida ni cha Rangwe. Masese hakitoi hata akiombwa na pasta. Lakini mkazamwana wake, Gesare, alishakiingiza kwenye kompyuta mwaka jana. Nikampigia. Nikasema mzee ameagiza anitumie. Akauliza mbona hajaniambia mwenyewe. Nikasema anaumwa koo. Faili limefika kabla ya chai! Akili ninayo.

Alhamisi, 6 Machi

Masese kapiga simu. Kumbe Gesare alimpelekea maji moto ya ndimu kwa ajili ya koo. Kaniita mwizi, mzee ovyo, fisi wa Migori. Kwa mgonjwa wa koo, sauti ilikuwa nzuri sana. Nikampa pole.

Programu inakataa. Makosa kumi na saba, yote mekundu. Hodan akaangalia: nilikuwa naipelekea hifadhidata ya Migori neno la siri la Rangwe. Akauliza, "Mzee, hata zile nyumba mbili ulikuwa unakosea hivi?" Nani alimwambia kwamba nilikuwa nakosea?

Ijumaa, 7 Machi

Zimeungana! Migori na Rangwe, dirisha moja! Nilipiga kelele mpaka kinyozi jirani akaja kuangalia. Hodan akaja kuharibu. Anataka kila mtu apewe namba, na programu ilinganishe namba, si majina. Nikamwambia hawa ni watu, si mbuzi wa mnada. Akauliza, na wawili wakiwa na jina moja? Nikamuuliza, kati yetu ni nani amewazika hawa watu? Akaenda kuswali. Alikawia sana.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Wazee kumi na wawili sebuleni, wageni wa Rangwe kwenye kochi, Edinah na gauni jipya. Nikabonyeza. Ikasema Bravin ni mtoto wa Nyakundi. Kweli. Ikasema Nyakundi ni ndugu yangu, tumbo moja. Edinah akaanza kulia. Mama yake Bravin akachukua mkoba.

Nikasema ngojeni, nibonyeze tena. Ikasema Edinah alizaliwa 1919 na ndiye mama yangu mzazi. Nikabonyeza jina langu, angalau moja liwe sawa. Ogeto: alifariki 1948. Masese akasimama, akavua kofia, akaomba tumkumbuke marehemu kwa dakika moja. Wakasimama wote. Hata mke wangu!

Sasa naelewa. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa, kwa hiyo kina Nyakundi wako tele, na programu imewakoroga wote wakawa mzee mmoja mwenye wake kumi na tisa.

Aliyetuokoa ni Mama Mong'ina, mjane wa kaka yangu, ambaye hajawahi kukanyaga darasa. Alimuuliza mama yake Bravin maswali matatu: baba mkwe ni nani, alizikwa wapi, nani aliongoza mazishi. Basi. Nyakundi yule ni wa mlango mwingine kabisa, watu waliotokea Kegonga. Hakuna damu. Vigelegele! Edinah akafuta machozi, akaja mpaka kwangu. "Babu, nakuomba, usinisaidie tena."

Jumatatu, 10 Machi

Wazee wamenipokonya kitabu. Wamempa Mama Mong'ina, ambaye hajui kusoma. Masese amecheka mpaka koo likamuuma kweli.

Sawa. Harusi ipo, na ng'ombe wa mahari watakuja kutoka Rangwe. Nimeanza programu nyingine. Hifadhidata moja ni zizi la Rangwe, nyingine ni zizi langu, na kila ng'ombe anatambuliwa kwa rangi. Hodan akashika kichwa, akauliza, je, wekundu wakiwa wawili? Nikamweleza polepole, bila hasira. Kosa la jana lilikuwa la majina. Ng'ombe hawarithi majina.