Smashi Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi mimi na mke wangu tunacheza tenisi na Shemeji na mkewe. Shemeji ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Mwaka mzima ananirushia mipira ya juu, nami napiga hewa. Anacheka kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo inayoniuma. Wiki hii najifunza smashi, kuushindilia chini mpira wa juu. Ikinishinda, mke wangu amesema atatafuta mwenzi mwingine. Wa uwanjani tu, akaongeza.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwona kocha. Eti nigeuke ubavu, ninyooshe mkono wa kushoto kuelekea mpira, nirudi nyuma kwa hatua ndogondogo, na macho yasibanduke mpirani. Mambo ya watoto. Mimi ni fundi saa, naokota skrubu ndogo kama chembe ya sukari, leo naambiwa sioni? Ninachokosa ni nguvu.

Jumatano, 5 Machi
Nimening'iniza mpira kwenye dari ya sebule. Smashi ya kwanza, safi kabisa. Ya pili, taa. Mke wangu akaleta ufagio, akanikabidhi, akaenda zake. Kesho dukani.

Ijumaa, 7 Machi
Akili mpya. Nimemtengenezea mtunza uwanja saa yake ya mkononi, naye kesho atatupanga upande ambao jua liko mgongoni. Shemeji na akome.

Jumamosi, 8 Machi
Jua lilikaa mgongoni gemu moja. Nilisahau kwamba wachezaji hubadilishana pande. Shemeji akarusha mpira juu. Nikakusanya nguvu zote, nikapiga hewa. Raketi ikanichomoka, ikavuka neti. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayempakata mtoto mchanga.

Pointi ya mwisho, mpira ukapaa tena. Nikasikia sauti ya mke wangu nyuma yangu, tulivu kabisa:

"Mume wangu, inama."

Nikainama. Akaushindilia mpira katikati ya Shemeji na mkewe. Tumeshinda! Nikamuuliza kajifunzia wapi. Kwa kocha, akasema, Alhamisi, nilipokuwa natafuta taa.

Jumapili, 9 Machi
Mgongo haunyooki. Nimetafakari. Kuinama vile, kwa wakati, bila hata kuuona mpira, ni wangapi wanaweza? Ushindi ule ni wangu kwa sehemu kubwa. Shemeji amepiga simu kuomba marudiano. Nimekubali, nikamwambia awahi kidogo, nimfundishe smashi. Akaomba nimpe mke wangu simu. Nadhani imemgusa.