Nyuki Basiojua Maua Mazuri

Jumamosi, 30 Agosti

Leo umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumefyeka kando ya barabara ya Giheke asubuhi yote. Shemeji yangu Mukengere hakushika hata jembe, alisimama tu anasalimia batu. Nimerudi nyumbani panga ingali na makali na roho inachemka, ndipo nikaona kosa liko wapi. Tangu mvua ya Aprili nyuki baliingia ndani ya mzinga ambao koperative ya bafugaji nyuki ilinipa, lakini asali hakuna. Juu ya nini? Habaoni muti wangu! Tulipier ile niliitoa Bukavu ingali mche ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikaivusha mpaka wa Rusizi II kwa mikono yangu. Leo inawaka maua mekundu mpaka batu ba ng'ambo banaiona. Na katikati ya muti na mzinga kumesimama uzio wa mubirizi, majani machungu ya kuchemshia dawa ya tumbo, vimaua vyeupe visivyo na sura. Nimeufyeka wote. Mke wangu Emerance ameuliza nyuki batakula nini sasa. Nimemuambia batakula uzuri.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeokota maua yaliyoanguka. Ndani ya kikombe cha ua, maji kidogo na nyuki bamelala chali. Bameshiba! Nimemuonyesha Emerance. Amebagusa na kijiti, akasema bamekufa. Nikasema bamelewa. Mwanamke huyu alizaliwa kwa kunipinga.

Nimepita kwa Mukengere, kaka yake, kujisifu. Kwake mubirizi umeshafika paa, hajafyeka tangu ahamie hapa. Nimemuambia kiwanja chake kinatia mtaa mzima haya. Ameitika ndiyo shemeji, akageukia ukutani, akaendelea kulala.

Jumatano, 3 Septemba

Mzinga kimya. Nimeweka sikio, kimya. Nimefungua: masega makavu na mende. Bameondoka bila kuaga, sawa na wageni ba harusi chakula kikiisha.

Emerance anasema alibaona saa sita banashuka kwa kaka yake. Nimeenda. Bameingia ndani ya bafle lake bovu, sanduku la spika lile alilopigia muziki kwenye harusi za Bukavu, lililotupwa nyuma ya choo. Katikati ya mubirizi! Mukengere ameniambia hata hakujua kama liko pale.

Mukansanga, prezida wa koperative, anakuja kukagua Jumamosi. Mzinga usio na nyuki unapewa muntu mwingine. Na mimi nimeshatangaza kanisani kwamba mwaka huu batu batakula asali yangu mimi, Rutayisire. Naumia, sitaficha.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi nimepaka mzinga rangi nyekundu, labda baone, barudi. Habakurudi. Mukansanga amefika, amefungua, amefunga. Akasema tulipier ni muti wa kupamba nyumba, ndege ndio banaupenda. Nyuki mara nyingi banafia mule ndani. Chakula chao kilikuwa ule uzio. Amesema polepole, ananiita Mzee, na heshima yake ndiyo imeniuma zaidi.

Mzinga umepewa Mukengere. Na nani ameubeba kichwani mpaka kwake? Mimi, maana yeye mgongo unamusumbua. Rangi ilikuwa haijakauka. Nimepita mbele ya batu bote na paji la uso jekundu, na Emerance nyuma yangu anacheka njia nzima. Mukengere ameniahidi kikombe cha asali siku ya Noeli. Kikombe. Muntu ambaye kazi yake ni kulala.

Jumapili, 7 Septemba

Sikuenda kanisani, batu bangeuliza asali. Emerance ameenda peke yake, halafu atapita kula kwa kaka yake. Mimi nimekaa chini ya tulipier yangu, nikafikiri vizuri.

Mukansanga hajui kitu. Nyuki habakukataa maua yangu, habajayaona tu. Kule baliko, uzio wa Mukengere umepita paa, umebaziba macho, maskini.

Panga nimeshainoa. Kesho asubuhi, shemeji akiwa amelala bado, nitamusaidia kufyeka.