Nilikwenda Kukagua Gitaa, Nikavishwa Koti

Leo nimeaibika. Sijasema nimeaibika kidogo. Nimeaibika mbele ya turubai zima, gitaa shingoni. Nimeoga mara mbili. Haijatoka.

Ngoja niwapangie toka mwanzo, maana mkisikia katikati mtadhani natunga.

Mnajua nina wiki ya tatu nawasumbua humu kwenye grupu na swali moja: gitaa la umeme ninunue hapa hapa au niagize nje? Mkagawanyika. Nusu mkasema agiza, la nje litakuja jipya, kwenye boksi lake. Nusu mkasema nunua hapa, ulishike, ulipige, ulisikie kwanza. Mimi moyoni nilikuwa wa kuagiza. Si kwa sababu ya ubora. Kwa sababu ukiagiza, mzigo unakufuata nyumbani. (Mnanijua. Mimi kutoka kwetu Chuno kwenda stendi ni safari, naaga kabisa.)

Lakini wakala wa mizigo akaniambia kwa meli ni miezi miwili, mitatu, "Mungu akipenda". Halafu nikamkumbuka binamu yangu aliyewahi kuagiza spika. Akaletewa spika kweli. Nzuri sana. Inaenea kiganjani.

Basi jana nikaona tangazo. Gitaa la umeme, lipo Mikindani, limetengenezwa Japani, pamoja na spika yake. "Mwenyewe halitumii tena. Bei maelewano." Nikampigia muuzaji. Anaitwa Issa, sauti ya kistaarabu kabisa.

"Kaka, njoo kesho asubuhi nyumbani. Ulipige mwenyewe. Ukiridhika unaondoka nalo."

Nikalala nina furaha. Mjadala umekwisha, tunanunua hapa hapa nchini.

Asubuhi nampigia Issa, simu haipatikani. Nampigia tena, haipatikani. Mtu mwenye akili zake angerudi kulala. Mimi nilishavaa viatu. (Kwangu kuvaa viatu ni uamuzi mkubwa, haubatilishwi.)

Mama akanikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Mikindani."

"Mikindani kuna nini?"

"Gitaa."

"Na hilo gitaa lenyewe haliwezi kuja?"

Mama yangu ananijua. Ningemsikiliza!

Nikachukua bodaboda. Kufika Mikindani nikamuuliza mama mmoja anayekaanga mihogo, "Kwa kina Issa ni wapi?" Akanionyesha kwa kidevu. Nyumba ina turubai mbele, viti vya plastiki, wanaume wamekaa, kahawa inazunguka. Na watu wanacheka! Babu mmoja anasimulia kitu, wenzake wamejishika mbavu.

Sasa hebu niambieni, hapo ningejuaje? Huu ni msimu wa jando. Kila mtaa una turubai, kila mtaa kuna watoto wanatoka wamevalishwa miwani na kofia. Nikajua ni shughuli. Nikajua na pilau lipo.

Nikasalimia, nikaitikiwa vizuri. Nikamsogelea mzee mmoja mnene, kanzu nyeupe, anaonekana ndiye msimamizi.

"Mzee, nimefuata gitaa."

"Gitaa gani?"

"La umeme. Tulishakubaliana, akasema nije leo nilichukue."

Wakatazamana. Nikaona kikombe cha kahawa kinaanza kutetemeka mkononi mwa mtu.

"Alisema nani?"

"Mwenyewe! Jana, kwa simu. Leo nampigia, kazima! Mtu mzima anakuahidi, halafu anajificha ndani?"

Turubai lililipuka. Babu mmoja kahawa ikamtokea puani. Mwingine akapiga paja: "Ndivyo alivyo huyo! Hata mimi aliniahidi!"

Jamani. Mimi kwetu sijawahi kuchekesha mtu. Nikisema kichekesho nyumbani, mama ananiuliza kama nimekula. Leo watu thelathini wanacheka kwa sentensi moja! Kichwa kikavimba hapo hapo. Nikaongeza sauti.

"Mwiteni atoke anitazame usoni!"

"Hatoki huyo!"

"Atatoka tu! Mimi sina haraka!"

Watu wakalia machozi. Mzee wa kanzu akainuka, anajifuta macho, akaingia ndani. Akarudi na gitaa. Jekundu, la zamani, mkanda wake wa ngozi. Nyuma yake mtu kabeba spika na waya mrefu. Na mzee mwenyewe mkono wa pili kashika koti. Koti la bluu, vifungo vya dhahabu, lile la wanamuziki wa bendi za zamani.

"Gitaa hili halipigwi bila koti," akasema. "Vaa."

Nikadhani ni nyongeza. Nikawaza, ukiagiza nje nani atakupa koti? Nikavaa. Mikono ilikuwa mifupi, inaishia karibu na viwiko. Nikajigeuza wanione vizuri. (Ndiyo, nilijigeuza. Mara mbili.)

Kisha nikaanza kukagua. Mnakumbuka mlivyonifundisha humu: tazama shingo, tazama nyuzi, tazama nati za kukazia nyuzi. Nikalinyanyua gitaa usawa wa jicho, nikafumba jicho moja kama fundi seremala.

"Shingo imepinda."

Kicheko.

"Nyuzi zina kutu. Huyu mtu alikuwa analipiga au analilimia muhogo?"

Kijana mmoja akaanguka na kiti chake. Namwona vizuri, miguu juu.

"Na nati hii imefungwa kwa waya! Hivi kweli alikuwa anajua thamani ya kitu hiki?"

"Hakujua!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Wakachomeka spika. Nikajiweka sawa, nikapiga. Ikatoka sauti moja, NGWAAAA, nadhani hadi Msimbati kule mbali walisikia. Dirisha la nyumba likafunguka. Shehe akatoa kichwa, kakunja mikono ya kanzu, mikono imelowa maji hadi viwiko.

"Nani huyo?"

Watu wakaninyooshea vidole, wanacheka. Shehe akanitazama. Akalitazama koti. Akatikisa kichwa, nikaona na yeye anajizuia, akafunga dirisha.

Mimi nilipoona ile mikono, nikajua pilau limekaribia.

Nikapiga tena kidogo, kile kipande kimoja ninachokijua vizuri. Watu wakaanza kuja na noti, wananitumbukizia mfukoni mwa koti. Elfu moja. Elfu mbili. Nimekuja kununua, nalipwa! Nikafumba macho, nikajisemea, wanaoagiza nje wanakosa mambo makubwa sana.

Nilipofumbua macho, hakuna anayecheka. Watu wote wamesimama. Hawanitazami mimi, wanatazama nyuma yangu.

Nikageuka.

Wanaume wanne wanatoka upande wa msikitini, wamebeba jeneza begani. La kijani. Tupu. Wanakuja nalo mlangoni, na mlangoni nimesimama mimi, koti la bluu, gitaa shingoni, waya umepita katikati ya njia.

Nikayaona yote kwa mpigo, viti, kahawa, mikono ya shehe. Mikono ya shehe! Mimi nikawaza pilau!

Nikataka kukimbia. Waya ukanivuta.

Nyuma ya jeneza alikuwapo mzee mwembamba, udongo magotini, ndiyo kwanza anatoka makaburini. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni. Akalitazama koti. Akauliza kwa ukali: "Na huyu ni nani?"

Mzee wa kanzu akasema, "Si mwenzako? Mtani mwenzako. Katuvunja mbavu hapa toka saa tatu."

"Mimi simjui. Watani wote wa Mikindani, Wayao wenzangu, nawajua. Wewe, ni Myao wa wapi?"

Kwa mliokulia mbali na huku kwetu, niwafafanulie. Mzee mwenye umri wake akifa, watani wa kabila lake wanakuja msibani kuwachekesha wafiwa. Wanadai vitu vya marehemu, wanavaa nguo zake, wanamsema vibaya, na wafiwa wanatakiwa wacheke na watoe chochote. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini hiyo ni kazi ya mtani. Mtu wa kabila moja na marehemu akiyasema yale yale, huyo anatukana.

"Myao wa wapi?" akarudia.

"Mimi siyo Myao," nikasema. "Mimi Mmakonde."

Mtani akaweka mikono kichwani.

"Wenye msiba ni Wamakonde," akasema mzee wa kanzu, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu.

"Ndiyo, mzee."

"Umemwita baba yetu mkulima wa muhogo kwa gitaa."

"Ndiyo, mzee."

Wanawake walishatoka uani. Mbele yao dada wa makamo, macho mekundu, kajifunga kanga kiunoni. Wakamwita dada Somoe, binti mkubwa wa marehemu. Akaja hadi mbele yangu.

"Wewe kaka, nani kakutuma?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili la pili ndilo linaloninyima raha hadi sasa. Nilitaka kujitetea. Nikasema, "Dada, wallahi mimi siyo mtani, mimi ni mteja! Nimekuja kununua gitaa. Tazama, tangazo hili hapa!" Nikampa simu.

Dada Somoe akaishika. Akasoma. Akasoma tena kwa sauti: "Mwenyewe halitumii tena." Akaikuza picha kwa vidole. Gitaa jekundu liko kwenye mkeka, na pembeni ya picha, mahali ambapo mimi na macho yangu yote sikuwahi kupatazama, kuna ukingo wa kitanda. Na mguu wa mtu. Mguu wa mzee, umefunikwa shuka hadi kifundo.

"Hii picha ya lini?"

Tangazo lilijibu, limeandikwa siku na saa. Jana, saa nne asubuhi. Mzee amefariki leo alfajiri.

"Issa!" aliita dada Somoe. Sijawahi kusikia jina la mtu likiitwa vile.

Issa akatoka ndani, kanzu imelowa, alikuwa anamwosha baba yake pamoja na shehe. Akaniona. Akaliona koti. Akaiona simu mikononi mwa dada yake. Akili yake ilikimbia kuliko yangu, maana rangi ilimtoka hapo hapo.

"Gitaa la baba unaliuza, na baba yuko kitandani analitazama?"

"Dada, baba mwenyewe ndiye alisema liuzwe..."

"Alisema lini? Baba tangu aanguke mwezi uliopita, alishasema neno gani?"

Turubai zima linamtazama Issa. Issa ananitazama mimi. Mimi nalitazama jeneza, maana ndilo peke yake lisilonitazama.

"Vua," dada Somoe akaniambia.

Nikavua gitaa, akalipokea, akalikumbatia kama mtoto. Koti likagoma. Mikono mifupi, jasho. Yule mtani wa kweli akanihurumia, akaja kunivuta mkono. "Legeza bega, bwana. Kazi usiyoijua ina taabu." Watu wawili watatu wakacheka kidogo wakanyamaza. Noti zote nikampa yeye. Akazihesabu mbele yangu, akaniambia, "Siku nzuri hii. Mimi huwa sizipati hizi." Sijui kama alinisifu.

Nikaaga. Dada Somoe akasema, "Unakwenda wapi? Umechekesha msibani kwetu, kuzika utakimbia? Shika jeneza."

Nimezika, jamani. Nimebeba. Nimetupa udongo. Pale kaburini nilimwomba radhi marehemu kimoyomoyo kuhusu ile nati, maana kusema kweli, kuifunga kwa waya vile na gitaa likatoa sauti kubwa namna ile, yule mzee alikuwa fundi.

Tunarudi kutoka makaburini, nimejitenga nyuma, natafuta bodaboda kwa macho. Mtu akanigusa bega. Issa. Nikasema moyoni, sasa anataka kunipiga, na haki yake. Nikajiandaa kuomba msamaha.

Akatazama huku na huku. Akaniinamia sikioni.

"Kaka, arobaini ikipita tutaongea bei."

Nilitembea. Halafu nilikimbia. Viatu vile vile vya uamuzi mkubwa, na mkanda wa kiatu cha kushoto umekatika.

Nimefika Chuno. Mama kanitazama, kaona vumbi la makaburini, kauliza, "Gitaa liko wapi?" Nimemwambia limefiwa. Hajaniuliza tena.

Kwa hiyo nawajibu rasmi wote mlionishauri. Nimeshampigia wakala wa mizigo, naagiza nje. Lichukue miezi mitatu, lichukue mwaka, lije limepinda, lije dogo la kuenea kiganjani, nitalipokea. Na msinicheke, hamna hata Myao mmoja humu. Muuzaji wa huko naye akifiwa, Mungu ampe subira, lakini angalau sitakuwa mlangoni kwake nimevaa koti la baba yake.